Sindano Ndani ya Kape

Nuku'alofa,
Tonga,
14 Aprili 1986

Wifi Toakase,

Salamu nyingi katika Bwana. Sisi huku tumeamka wazima kwa rehema zake. Goti langu la kulia linanisumbua kila ninapolikunja kanisani, lakini siachi kulikunja. Mikeka uliyotuma imefika na meli. Miwili ni mizuri. Wa tatu umesukwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kwingine, lakini nimeupokea. Msalimie ndugu yangu Kelepi. Najua macho yake hayaoni tena maandishi, kwa hiyo msomee barua hii yote, siyo salamu tu.

Sasa jambo lenyewe. Jana mchungaji na mkewe walikula kwangu baada ya ibada. Umu ilifunuliwa, mawe yangali ya moto shimoni, chakula kikanukia uwanja mzima, nguruwe ameiva, na nikampa mchungaji kipande kizuri cha kape. Akatafuna kidogo, akanyamaza. Nikadhani anaonja utamu. Kumbe mtu anaungua! Midomo ikavimba kama ya samaki, machozi yakamtoka, ulimi haugeuki. Wewe unajua kape isiyoandaliwa vizuri inavyowasha, magimbi mengine ni mchezo. Ibada ya jioni ilibidi aiongoze shemasi, na yule shemasi unamjua, aliomba mpaka watoto wakasinzia, na wazazi wao pia. Mke wa mchungaji akaniambia mbele ya wageni, "Mama Luseane, kama hututaki kwako si ungetuambia tu?"

Kape ile ilitoka kwenye beseni la binti yako Fusi. Nyuma ya jiko langu ana mabeseni: moja la maji ya bahari, moja la ndimu, moja la majivu, moja maji matupu. Anasema ni jaribio la shule, anatafuta kwa nini kape inawasha. Nilimwambia inawasha kwa sababu Mungu aliiumba inawasha, akainamisha kichwa kwa adabu, kesho yake akaongeza beseni.

Hilo ningemsamehe. La pili siwezi. Mwalimu wao wa sayansi, huyo dada wa Kifiji, Bi Salanieta, amempanga Fusi afanye jaribio hilo na mwanangu Lisiate. Meza moja! Chupa moja! Nilikwenda mwenyewe shuleni. Nikamwambia, "Mwalimu, hawa ni kaka na dada, hawakai karibu hivi." Akaniuliza ni ndugu kivipi. Nikamweleza. Akafurahi. "Ah, mama, hao ni binamu! Mtoto wa kaka na mtoto wa dada! Kwetu hao ndio wanaotaniana mpaka mbavu ziume. Ndiyo maana nimewaweka pamoja, wachangamke." Akacheka. Mimi sikucheka.

Darasa la sayansi ni moja tu kwa kidato chao. Mmoja lazima atoke, na anayetoka ni wa upande wa ndugu yangu, hilo halina mjadala. Fusi ahamie ushonaji. Nataka neno la Kelepi kwa meli inayofuata. Mimi ni dada yake, na tangu tuzaliwe sijamwomba kitu mara mbili.

Ni mimi,
Luseane


Ha'ano, Ha'apai,
2 Mei 1986

Wifi yangu mpendwa Luseane,

Nakusalimu katika jina la Yesu. Pole sana kwa goti. Huku tumepata mvua, viazi vikuu vimeshika vizuri, na nguruwe jike amezaa. Kelepi anakusalimia. Yule mkeka wa tatu niliusuka usiku macho yakiwa yananiuma, kwa hiyo kama umetokea vibaya, tuseme umerithi macho ya aliyeusuka.

Nimesoma habari ya mchungaji na nimemwombea. Ila wifi, nisaidie mahali pamoja, maana sikusoma sana na vitu vinanipita. Tangu lini kwenu wasichana wanachimba umu? Huku kwetu Ha'apai, na hata huko mjini nilipokuwa naishi, umu ni kazi ya wavulana. Wao ndio huwasha moto, wao hupanga chakula juu ya mawe, wao hufunika. Sasa aliyeitoa ile kape kwenye beseni akaiweka kwenye umu Jumapili asubuhi, Fusi akiwa kanisani kwenye kwaya, alikuwa nani? Naona barua yako ndefu imesahau kumtaja.

Na la kutoka darasani. Unasema wa upande wa ndugu yako ndiye atoke. Mimi niliyefunzwa adabu na mama yangu nilifunzwa kwamba dada akiingia chumbani, kaka ndiye hutoka. Si hivyo? Kelepi mpaka leo akisikia sauti yako redioni kwenye kwaya huvaa shati. Basi kama Lisiate na Fusi ni kaka na dada, kama unavyosema na kama ilivyo kweli, mwenye kutoka ni Lisiate.

Wifi, nikueleze kitu ambacho sikuambii kwa ugomvi. Mwaka juzi maji ya tangi la kanisa huku yaliharisha watoto. Walikuja watu wa afya, wakajaza chupa, wakaondoka nayo. Tulingoja majibu. Wale watoto wamepona wenyewe, wawili tuliwazika, na majibu bado hayajaja. Fusi alikuwa anatazama meli kila ikija. Siku moja akaniuliza, "Mama, ndani ya ile chupa wanatazama nini? Kwa nini sisi wenyewe hatuwezi kutazama?" Nilimleta kwako akatafute jibu hilo. Sikumleta ajifunze kukunja pindo la gauni, hilo nimeshamfundisha.

Wako,
Toakase


Nuku'alofa,
26 Mei 1986

Toakase,

Salamu. Tu wazima. Lisiate alikuwa na mafua.

Umeniandikia kwa kalamu nzuri sana kwa mtu ambaye hakusoma sana. Nilitaka neno la ndugu yangu, nikaletewa la mke wake. Katika kurasa zote zile Kelepi ana sentensi moja tu, "anakusalimia". Umemsomea barua yangu? Jibu ndiyo au hapana.

Kuhusu umu, sina haja ya kueleza mambo ya jiko langu kwa mtu.

Mabeseni nimeyamwaga. Yote. Ya ndimu, ya majivu, yote nimeyamwagia migomba. Fusi alisimama pale mlangoni akaniangalia, kisha akaja akaniambia, "Asante shangazi kwa kuosha mabeseni, nitayajaza tena shuleni." Nikamuuliza, "Unanitania?" Akasema, "Hapana shangazi, kweli yalihitaji kuoshwa." Huyo ni mtoto wa kwako, si wa kwetu. Sisi tukikasirika tunaonekana.

Na mkono wake! Umeuona? Hujauona. Upande wa ndani, kuanzia kiwiko mpaka kiganja, vipele vyekundu mistari mistari. Anajipaka kape mwenyewe ajue ipi inawasha na ipi haiwashi. Jumapili namvalisha mikono mirefu kwenye joto hili, watu wasidhani nina mgonjwa nyumbani. Nilimwambia, "Nani atakuoa na mkono huo?" Akasema, "Unapona kwa siku tatu, shangazi, nimepima."

Nilikwenda tena kwa yule Mfiji nikidhani atakuwa amewatenganisha. Ananiambia kwa fahari, "Mama, usiwe na wasiwasi, hawakai pamoja kabisa. Wamejipangia wenyewe." Fusi anaingia maabara asubuhi kabla ya kengele. Anakata vipande, anaviloweka, anaviandika herufi, anaondoka. Lisiate anaingia jioni, anajipaka, anaandika kinachomwasha, anaondoka. Hawaonani, hawaulizani kitu. Adabu imehifadhiwa, anasema. Kwa hiyo sasa mwanangu naye ana mkono wa mistari.

Namtaka Kelepi. Nisipopata neno lake nitakwenda kituo cha redio, nitalipia tangazo lisomwe jioni baada ya habari za vifo na meli, kama watu wote wanavyotafutana. "Kelepi wa Ha'ano, dada yako Luseane anakuagiza umtoe binti yako darasa la sayansi." Kisiwa kizima kisikie. Tuone utamsomeaje hilo.

Luseane


Ha'ano,
20 Juni 1986

Wifi Luseane,

Salamu katika Bwana aliyetuumba wote, waliosoma na wasiosoma. Nguruwe wadogo wanaendelea vizuri, mmoja tumempa jina la shemasi wako.

Bahati mbaya redio yetu imekufa betri. Dukani hamna mpaka meli. Na Kelepi siku hizi analala mapema. Nasikitika kwa gharama ya tangazo.

Fusi ameniandikia. Nakunakilia hapa neno kwa neno, kwa sababu nadhani nyumbani kwako hana wa kumwambia: "Mama, jana nimeitazama kape kwa hadubini. Ni chombo cha kukuza vitu vidogo, tunapeana zamu. Mama, kape ina sindano! Sindano ndogo ndogo za kioo, zimefungwa mafungu mafungu kama kuni. Ndizo zinazochoma ulimi. Si sumu, ni sindano. Babu na bibi wote walioimenya wakaipika muda mrefu walikuwa wanapambana na sindano bila kuziona. Bi Salanieta anasema hospitali kuna watu ambao kazi yao kutwa ni kutazama hivi, damu na maji na mkojo, na wanalipwa, na hakuna kinachowazuia wasichana. Mama, mimi nataka kazi hiyo."

Nimeisoma nikalia, halafu nikaenda kumenya kape nikaiangalia kama mtu aliyedanganywa miaka yote.

Unaniuliza ndiyo au hapana. Mimi nakuuliza pia ndiyo au hapana: kati ya Fusi na Lisiate, nani anaongoza darasa hilo unalotaka mmoja atoke?

Toakase


Nuku'alofa,
21 Julai 1986

Toakase,

Redio yenu imekufa betri. Vizuri. Sasa nieleze: binamu yako Fane amekuja mjini wiki hii kwa matibabu ya meno, amekaa barazani kwangu akinywa chai yangu, akanisimulia jinsi ninyi watu wa Ha'ano mlivyokusanyika nyumbani kwa Kelepi kusikiliza mchezo wa raga redioni, mpaka Kelepi akavunja kiti kwa furaha. Redio ya nani hiyo? Ya mizimu?

Unazitoa betri jioni na kuzirudisha. Mke wa ndugu yangu, mama wa kanisa, unaficha betri. Na tangazo langu limesomwa, visiwa vyote vimelisikia isipokuwa nyumba moja. Sasa nakutana na watu sokoni wananiuliza, "Luseane, Kelepi amejibu?" Umenifanya kichekesho.

Hakuna mtu kijijini kwenu aliyemwambia. Hilo nalo nimeliona. Mmekaa kimya kisiwa kizima, kwa ajili ya nani?

Swali lako sijibu. Mwanangu ana akili zake, Mungu alimpa za kumtosha.

Nilimwambia Lisiate wiki iliyopita kwamba jambo linakwisha, dada yake anahamia ushonaji, meza itakuwa yake peke yake. Alikuwa anakuna nazi. Aliweka kifuu chini, akanijibu. Tangu azaliwe mtoto yule hajawahi kunijibu. Alichosema sikuandikii. Lakini nimekaa nacho.

Maonyesho ya sayansi ya shule zote ni mwezi ujao. Yakiisha, nitapanda meli nije huko mwenyewe, na goti langu hili. Nitaingia nyumbani kwa ndugu yangu kama nilivyo na haki ya kuingia, nitakaa nilipo na haki ya kukaa, na nitamwambia kwa mdomo wangu. Betri hizo utazificha wapi?

Luseane


Nuku'alofa,
1 Septemba 1986

Toakase,

Hukujibu. Nimengoja meli mbili. Salamu hata hivyo, kwa sababu mimi ni mtu wa kanisa.

Nakuandikia habari ya maonyesho ili usije ukaisikia kwa Fane ikiwa imeongezwa chumvi.

Nilikwenda. Nilivaa mkeka wangu mzuri wa heshima kiunoni, nikakaa mstari wa mbele na wake za wachungaji. Shule zote zilileta vitu. Wengine walileta mlima wa moto wa udongo unaotoa povu, watu wakapiga makofi. Wengine gari la kwenda kwa jua, halikwenda. Meza ya Fusi na Lisiate ilikuwa na vipande vya kape kwenye sahani, na herufi, na picha aliyoichora Fusi ya hizo sindano, kubwa kama mikuki. Fusi alisimama upande huu, Lisiate upande ule, meza nzima katikati, wanatazama kila mmoja kwake. Kila Mtonga mle ndani aliona adabu yao. Nitasema kweli, moyo wangu ulitulia kidogo.

Mwamuzi mkuu alikuwa mzee wa Kizungu kutoka ng'ambo, mtu wa vyuo. Akauliza kwa mkalimani, "Huyu kijana aliyejipaka na kuandika kipi kinawasha, mlihakikisha vipi kwamba hakujua kipande kipi kililowekwa kwenye nini? Maana akijua, mkono utawasha kwa mawazo tu." Nikaona Bi Salanieta anauma midomo. Fusi akajibu kwa sauti ndogo, "Hakujua, bwana. Nisingeweza kumwambia. Ni kaka yangu."

Ukumbi wote ukacheka. Wake za wachungaji wakacheka mpaka mikeka ikalegea. Mzungu anatazama huku na huku haelewi, "Kaka yako? Basi si ndiye rahisi kumwambia?" Watu wakazidi kucheka. Mkalimani alipomaliza kumweleza, yule mzee akavua miwani yake. Akasema katika shule zote alizopita, watoto wanafundishwa kwa shida kutoambiana katika jaribio, na hawa wawili wamekuja nayo kutoka nyumbani. Akasema hilo ndilo jaribio la kuaminika kuliko yote mle ndani. Wamepewa nafasi ya kwanza. Kuna mafunzo Suva, huko Fiji, wakati wa likizo ya Krismasi, nafasi moja tu kwa meza iliyoshinda. Lisiate alitoka ukumbini kabla hawajamaliza kuitangaza, ili asiulizwe. Unajua maana yake: dada akiingia, kaka hutoka, na ndilo alilonijibu siku ile ya nazi.

Sasa sikiliza. Mke wa mchungaji, yuleyule, akanigeukia akaniuliza, "Luseane, yule binti ni wa nani?" Na wote wakageuka.

Nikasema, "Wangu."

Nimelisema na silirudishi. Mimi ni dada wa baba yake, nikitaka kitu katika nyumba ya Kelepi nakichukua, kuanzia mkeka mpaka mtoto. Namchukua Fusi. Atakuwa mwanangu, mbele ya kanisa na mbele ya shule. Atabaki darasa la sayansi na Lisiate atabaki, na Suva atakwenda yeye. Usidhani umenishinda. Hili ni neno langu, si lako. Msomee Kelepi. Safari hii nadhani utapenda kumsomea.

Luseane


Ha'ano,
19 Septemba 1986

Wifi Luseane,

Nakusalimu katika Bwana. Goti liwe jepesi.

Barua yako nimeisoma nikiwa peke yangu ufukweni, nikakaa huko mpaka maji yakanifikia miguuni. Mimi ndiye niliyemzaa. Siku mbili nilizunguka nayo kifuani. Nilitaka kukuandikia maneno ambayo Mungu asingependa kuyasoma, na niliyaandika, na nikayachoma.

Halafu nikamsomea Kelepi. Zile nyingine alisomewa salamu tu, na sikuombi radhi. Hii amesomewa yote, kutoka salamu mpaka jina lako. Alisikiliza ameinama. Nilipomaliza nikamuuliza, "Unasemaje, baba Fusi?" Akasema, "Dada amesema. Mimi ni nani?" Ndivyo alivyo, na ndiyo sababu miezi yote hii sikuthubutu kumsomea. Ungemwambia mtoto ashone, angeshona mpaka uzee.

Nikamwambia, "Basi kama ni neno la dada, si jambo la kunong'onezana jikoni. Lipeleke kanisani."

Jumapili akavaa shati la harusi yetu, akasimama baada ya mahubiri. Kelepi, ambaye hata kuomba hadharani hutetemeka. Akasema, "Dada yangu Luseane amemtaka binti yangu Fusi, nami nimempa. Ameagiza asome sayansi mpaka mwisho wake, mpaka atazame maji na damu kama kazi. Neno la dada yangu ni hilo." Watu wakaitikia amina. Kina mama waliozika wale watoto wawili walilia. Mchungaji wetu ameandika habari hiyo kwa makao makuu ya kanisa huko mjini, na mtu wa redio aliyekuja kwa mambo ya mbata ameahidi itasomwa. Betri ziko ndani. Nimenunua na za akiba.

Ulisema ni wako mbele ya watu, nami nimekupa mbele ya watu. Haya, mchukue. Roho inaniuma nikiandika neno hilo, na sitakuficha, ila siku utakapochoka na mabeseni, siku Lisiate atakapokuwa nyuma yake kwa alama ukaona aibu, ukataka ashone, hutakuwa na barua ya kumwandikia wifi yako mkorofi. Itabidi uje huku, usimame mahali aliposimama ndugu yako, uwaambie watu wa Ha'ano kwamba neno lako halikuwa neno.

Mwambie Fusi ninamwombea kila asubuhi. Aniite anavyotaka.

Toakase


Nuku'alofa,
6 Oktoba 1986

Wifi,

Tumelisikia redioni, sisi na majirani wote.

Kule maabara ya Suva hawaruhusu kuingia na ndala, lazima viatu vinavyofunika vidole. Nimemnunulia, vyeusi, vya ngozi. Vinampwaya kidogo kwa mbele ili vidumu. Anavivaa ndani ya nyumba kuvizoea, tangu asubuhi nasikia vishindo tu.

Meli ya Desemba njoo umsindikize. Mbele yangu atakuita mama. Nimeshamwambia.

Usinijibu.

Luseane